Mita 40 za Nini, na Mto Wenyewe ni Rangi ya Chai?

Wasee, leo niongee kitu ambacho nimekikalia muda mrefu kwa sababu ya aibu. Nina vidio ya dakika nne ambayo ndiyo kitu cha maana zaidi nimewahi kurekodi tangu nianze hii kazi, na ukiicheza huoni chochote. Nyeupe tu. Kama mtu ametundika shuka mbele ya lenzi.

Ilikuwa Novemba 2023, ile mvua ya El Niño. Huku Garsen tulikuwa tunasikiliza redio kila jioni kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani: maji yanaongezeka, wanaokaa kando ya Tana wahame. Kama hujawahi kuishi huku chini, wacha nikueleze. Mto Tana una urefu wa kama kilomita 1,000. Unatoka milimani, unapita kwenye mabwawa matano ya umeme, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, halafu unateremka Garissa, Hola, mpaka kwetu, na unamalizikia baharini pale Kipini. Mabwawa yakishajaa huko juu, maji hayana kwingine pa kwenda. Yanakuja kwetu. Mwaka huo barabara ya Garsen kwenda Lamu ilifunikwa na maji upande wa Gamba, na magari yakapanga foleni kama yanangoja feri.

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa amekataa kuhama. Alisema ameona mafuriko ya 1997 na haya hayamtishi. Maji yalipofika mlangoni ndiyo akakubali, kwa masharti kwamba kuku waende kwanza. Mjomba akaja na mtumbwi. Mimi nikaingia nyuma na kamera yangu, Canon G7 X ya mkono wa pili niliyonunua kwa pesa za kurekodi harusi, nikiwa nimeitia kwenye mfuko wa plastiki wa kuzuia maji. Mfuko huo niliuagiza mtandaoni kwa shilingi 1,800. Kwenye picha ya tangazo kulikuwa na mzungu anaogelea na kasa. Nikaona hii ndiyo yenyewe.

Sasa, tulipokuwa tunapita kwenye shamba, bibi akaanza kuongea. Hakuwa anaongea na mimi wala na mjomba. Alikuwa anataja miembe. Kila mwembe tuliopita alisema nani aliupanda, mwaka gani wa njaa au wa mvua, na nani alizaliwa mwaka huo. Mwembe huu ni wa baba yake. Huu ni wa dada yake aliyeolewa Ngao. Huu ulipandwa wakati mama yangu yuko tumboni. Miti imesimama ndani ya maji, matawi tu yanaonekana, na yeye anaitaja mmoja mmoja kama anaita rejista darasani. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Nilijua kabisa hii ndiyo vidio itakayobadilisha maisha yangu.

Usiku nikafungua. Nyeupe. Na kamera haikuwaka tena tangu siku hiyo. Kadi ndiyo ilipona.

Kilichonimaliza zaidi ni kwamba niliamini kosa ni bei. Nikajiambia, buda, ulinunua mfuko rahisi, next time nunua kitu cha maana. Nikaingia YouTube kutafuta kitu cha maana, na hapo ndipo nikapotea kwa miezi.

Kwa sababu hivi ndivyo wanavyokufundisha huko. Kuna ngazi. Chini kabisa ni mifuko laini kama wangu. Juu yake ni makasha magumu ya plastiki ngumu inayong'aa, ambayo wenyewe wanayaita hauzingi, kila moja limetengenezwa kwa kamera moja. Canon walikuwa na kasha la WP-DC54 kwa G7 X ya kwanza, na WP-DC55 kwa Mark II. Sony wana MPK-URX100A kwa familia ya RX100. Hayo yameandikwa mita 40. Juu zaidi kuna ya aluminiamu, kama Nauticam, ambayo bei yake inaweza kupita ya kamera yenyewe. Na pembeni kuna kamera ambazo hazihitaji kasha, kama Olympus TG-6 inayoingia mita 15 peke yake, au GoPro inayoingia mita 10. Kwa hiyo swali linakuwa moja tu: una doo ya kwenda chini kiasi gani?

Maze, nani anaenda chini huku?

Hili ndilo nimekuja kusema. Wale wote wanaofanya rivyuu wanajaribu vitu vyao kwenye maji ya buluu. Hata hapa kwetu Pwani, ukimkuta mtu na kasha, yuko Watamu au Diani anapiga picha samaki wa rangi. Hapo mita 40 zina maana. Kila mita 10 unazoshuka, maji yanaongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Mpiga mbizi wa mita 30 amebeba mara nne ya mgandamizo wa juu ya maji. Lazima kasha liwe gumu. Lakini Tana ya wakati wa mafuriko ina rangi ya chai ya maziwa. Ukizamisha mkono mpaka kiwiko huoni vidole. Hakuna kitu cha kurekodi chini ya maji. Kila ninachotaka kurekodi kiko juu: watu, ng'ombe, miembe, nyumba, nyuso. Sihitaji kwenda chini hata mita moja. Ninachohitaji ni kitu cha kuvumilia mvua, kupigwa na mawimbi ya boti, mikono yenye tope, na siku moja mbaya ya kuanguka mtoni.

Na hayo ni mambo mengine kabisa. Wacha niyataje vile nilivyojifunza, kwa sababu mengi nilijifunza kwa hasara.

Kwanza ni ukungu. Ile vidio yangu haikuuawa na maji yaliyoingia. Maji yaliingia baadaye, mwisho kabisa. Iliuawa na hewa niliyoifungia mwenyewe ndani. Nilitia kamera kwenye mfuko saa saba mchana, nje, kwenye joto la Garsen, hewa imejaa unyevu. Kisha mvua ikanyesha, mfuko ukapoa. Hewa ya joto yenye unyevu ikigusa kitu baridi inaacha umande, sawa na chupa ya soda ukiitoa kwenye friji, ila hapa umande ulikaa upande wa ndani ambako siwezi kupangusa. Hata kasha la aluminiamu lingefanya hivyo hivyo! Dawa yake haina bei kubwa: funga kamera mahali pakavu na baridi, na utie ndani vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mimi siku hizi naenda duka moja la dawa lenye AC, naomba dakika mbili, nafungia kasha langu pale. Wameshanizoea. Wanadhani nina wazimu kidogo, lakini wananisalimia.

Pili ni mchanga. Hapa mwalimu wangu ni fundi wa pampu. Mnajua mashamba ya kando ya mto yanavuta maji kwa pampu, na pampu zote zina oringi, ule mpira wa duara unaoziba maungio. Kasha la kamera ni kitu hicho hicho: vipande viwili na oringi katikati. Nilipopata kasha la mkono wa pili nikampelekea aliangalie. Hakuangalia plastiki hata kidogo. Alipitisha ukucha kwenye ule mpira, akaniambia, "Kijana, huu mpira umelala." Yaani ulikuwa umebanwa muda mrefu mpaka umekuwa bapa, haurudi kuwa mviringo. Halafu akasema neno ambalo sijalisikia kwenye rivyuu yoyote: "Pampu za hapa haziuawi na maji. Zinauawa na mchanga." Chembe moja chini ya oringi, au unywele mmoja, ni mlango. Na maji ya Tana yana tope kuliko maji mengi utakayoyaona.

Ndiyo maana kwangu swali la kwanza la kununua si mita. Ni hili: naweza kuufikia huo mpira, kuutoa, kuupangusa na kuurudisha, nikiwa nimekaa kwenye mtumbwi na kitambaa kimoja kikavu? Kuna makasha ambayo mpira uko wazi unaonekana. Kuna mengine umejificha kwenye kona. La kwanza ndilo la mtoni. Na usipake vaselini, tafadhali. Najua iko nyumbani na ni rahisi. Grisi za mafuta ya petroli zinaharibu aina nyingi za mpira. Kila kampuni ina grisi yake inayolingana na mpira wake, tumia hiyo, kidogo tu, mpaka mpira ung'ae. Grisi haizibi maji, kazi yake ni kuuacha mpira uteleze ukae vizuri.

Tatu ni kwamba maji ya juu juu yana ujanja wake. Nilidhani kasha la mita 40 haliwezi kuvuja kwenye maji ya kufika magotini. Linaweza. Ukishuka chini, maji yenyewe yanasukuma kifuniko na kukibana dhidi ya oringi. Juu hakuna mgandamizo wa kutosha wa kukibana, kwa hiyo mpira uliokaa vibaya unaweza kuvuja pale pale juu. Kwa hiyo namba ya kwenye boksi hainiokoi. Na zile alama za IPX7 mnazoona kwenye simu na spika maana yake ni kukaa mita 1 kwa dakika 30 kwenye maji matulivu. Mto unaokimbia na miti iliyong'oka si maji matulivu.

Nne ni kuelea. Hili lilinishangaza. Makasha ya plastiki ya Canon yana hewa nyingi ndani mpaka yanaelea, na kampuni ilikuwa inauza vyuma vya uzito vya kufunga chini ili mpiga mbizi asisumbuke. Wao wanaona ni kero. Mimi nikaona ni baraka. Kitu kikianguka Tana na kikazama, kimekwenda. Nani atakizamia, na mamba tunawajua kwa makazi yao? Kinachoelea, mjomba anaweza kukifuata kwa mtumbwi. Kasha la aluminiamu la bei mbaya, kama halina kuelea kwake, lingekuwa zawadi kwa kambare. Nikaongeza kamba ya rangi ya chungwa na kipande cha lile povu la ndala. Mtaji wa shilingi sifuri.

Tano ni sauti, na hapa ndipo kila kasha linaanguka. Plastiki ngumu inafunga maikrofoni kabisa. Utasikia vitufe vikibonyezwa na mjongeo wa lenzi, lakini mtu aliye mbele yako anaongea kama yuko chumba cha pili. Kwa samaki haina shida, samaki hawaongei. Kwa bibi yangu, shida ndiyo hiyo. Kwa hiyo uamuzi wangu ni kwamba kasha linachukua picha, na sauti inachukuliwa na simu iliyo kwenye mfuko wa kawaida, mdomo wa mfuko umeachwa wazi kidogo, imewekwa kifuani mwa anayeongea chini ya leso. Nikifika nyumbani naunganisha. Ni kazi mara mbili. Hakuna njia ya mkato niliyoiona.

Sasa pesa, maana najua mnangoja hapo.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, na nikiwa mkweli, hata mimi nilikuwa nimechoka kujifanya naelewa. Mama hajawahi kunitukana kwa hilo, lakini ana njia yake ya kuhesabu. Nilipofikisha elfu 60 za akiba akaniambia, "Mwanangu, hiyo ni semista." Nikamwambia nataka kununua kamera nyingine na kasha lake. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Baadaye akauliza, "Na hilo sanduku, likivuja, wanakurudishia semista?"

Sikuwa na jibu. Hata leo sina jibu zuri. Nilichofanya ni kukaa chini nikaandika nitasimama wapi na hiyo kamera kwa miaka miwili ijayo. Si pale ninapotamani kusimama. Pale nitakaposimama kweli. Kwenye karatasi hiyo hakukuwa na Watamu. Kulikuwa na mtumbwi wa mjomba, bonde la mpunga, mdomo wa mto kule Kipini, na harusi. Nyingi zilikuwa harusi. Kwa hiyo kamera ya maji tupu, kama TG-6, ikatoka, kwa sababu ukumbini usiku wa harusi lenzi ya G7 X inapokea mwanga vizuri kuliko yake, na harusi ndizo zinanilisha. Aluminiamu ikatoka bila mjadala. Ikabaki G7 X nyingine ya mkono wa pili, elfu 35, na kasha lake la plastiki la mkono wa pili, elfu 14, nilipolifuata Mombasa. Muuzaji wa kwanza alitaka kunipa la Mark II akidai yanaingiliana. Hayaingiliani. Vitufe havikutani. Nenda na kamera yako mkononi, ifungie mle ndani, bonyeza kila kitufe kabla hujatuma M-Pesa.

Kisha nikanunua oringi mpya. Na kabla kamera haijaingia hata siku moja, nikatia kasha tupu likiwa na tishu kavu ndani, nikalifunga jiwe, nikalizamisha kwenye pipa la maji la mama usiku kucha. Asubuhi tishu ilikuwa kavu. Nikarudia usiku wa pili. Na wa tatu. Mama akanipita akaenda zake, lakini asubuhi ya tatu yeye ndiye alitangulia kufungua pipa kuangalia.

Kitu cha mwisho nilichonunua hakiko kwenye rivyuu yoyote. Mwaka jana yake, Aprili 2024, boti iliyokuwa ikivusha watu kati ya Madogo na Garissa wakati wa mafuriko ilipinduka, na watu wakafa. Mto ni huo huo mmoja. Mimi nilikuwa nimeshakaa mara ngapi kwenye mtumbwi, mikono yote miwili imeshika kamera, siwezi hata kushika ukingo? Nikanunua jaketi la kuokoa maisha, shilingi 3,500. Wasee, kama bajeti yako ya kurekodi majini inatosha kasha na haitoshi jaketi, bajeti yako haijatosha. Subiri. Na mtu akihitaji kuvushwa, kamera ifunge iweke chini, shika kasia. Sina hoja ndefu hapo.

Nimeshalitumia kasha mara nyingi sasa. Limekwaruzika upande mmoja. Liliwahi kuanguka mara moja, likaelea, mjomba akalichukua akicheka. Nikimaliza kazi naliloweka kwenye ndoo ya maji safi kabla ya kulifungua, hasa nikitoka Kipini kwenye chumvi, kisha nalipangusa, nainamisha mlango uangalie chini ili tone lidondoke nje na si ndani. Siku za jua kali nalifunika leso mbichi, kwa sababu kamera iliyofungiwa humo inachemka na kujizima. Halijavuja. Siku moja linaweza kuvuja, najua.

Na ile vidio nyeupe? Miezi mingi sikuigusa. Juzi nikaicheza tena, nikafumba macho. Plastiki inachakachaka, mvua inapiga, kasia linagonga ubao, na chini ya hayo yote bibi anaita miti. Nimeweza kuandika majina kumi na moja. Mengine yamemezwa.

Nikampelekea hiyo orodha huko alikohamia, juu kidogo, mbali na maji. Bibi huniita mume wangu, kama bibi zote za Pwani. Nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mume wangu, umeruka mitano. Na huo wa sita si wa kaka yangu, ni wa jirani, tulikuwa tunauiba tu."

Nyumba ilianguka. Miembe iko. Nimemwomba twende pamoja, maji yakiwa chini, kwa mtumbwi, mwembe kwa mwembe. Amekubali kwa sharti moja, kwamba jaketi avae yeye. Kwa hiyo natafuta la pili kabla ya Jumamosi.